Kabebwa kiunoni akadanki, marefa wakacheka: goli lipo au halipo?

Swali lililokuja kwangu mimi refa wa mpira wa kikapu ni hili, nimelifupisha kidogo: "Kaka refa shikamoo. Juzi kwenye mechi ya kirafiki zilibaki sekunde 6, tuko nyuma kwa pointi 1. Mwenzetu mrefu akamshika mwenzetu mfupi kiunoni akamwinua juu kama mtoto anayechuma maembe, yule mfupi akapokea pasi akadanki (akautumbukiza mpira kwenye ringi kwa mkono). Refa akapiga filimbi akasema goli hakuna, alafu akamwangalia refa mwenzake wakaanza kucheka mpaka yule wa pili akageuka kuangalia ukuta. Tuliona tumedharauliwa. Hiyo sheria ipo kweli au waliitunga palepale? Na kwanini mnacheka?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikupe pole, maana kudanki kwa mara ya kwanza maishani alafu likakataliwa inauma, huyo mfupi wenu mpelekee salamu zangu. Lakini sheria ipo, na wala haijajificha. FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, mbali na kitabu cha sheria wana kitabu kingine cha tafsiri rasmi, na mle ndani imeandikwa kabisa kwamba kumwinua mwenzako ili afike juu zaidi ni kosa. Sio faulo, hakuna anayeandikiwa kitu mezani kwa waandika alama na faulo, ni kosa tu kama kukimbia na mpira, goli linafutwa na wapinzani wanarusha mpira kutoka nje. Aliyekosea kwa mujibu wa kitabu ni yule aliyebeba, sio aliyebebwa, kwahiyo mkigombana wenyewe kwa wenyewe mjue pa kuelekeza lawama.

Sasa hapo jiulize kidogo, kwanini watu wazima wamekaa mezani wakaandika sentensi kama hiyo? Kwa sababu kuna mtu alishafanya, au kuna mtu alishauliza. Na hapo ndo tunafika kwenye kicheko.

Sisi marefa tuna ugonjwa mmoja. Mechi ikiisha tunaingia chumbani, mmoja anavua viatu, mwingine anatafuta maji, na kabla hata jasho halijakauka kuna mtu lazima aanze "hebu niambieni, ingekuwaje kama…" na hapo hakuna anayeondoka tena. Mimi nakumbuka siku moja tulikuwa wanne, mwenzetu akapanga vizibo vya chupa juu ya benchi, vitano huku vitano kule, soksi iliyoviringishwa ndo mpira, akauliza: mchezaji kavuliwa kiatu bahati mbaya, kakiokota, kabla hajakivaa mpinzani anakuja kupiga leyapu (kufunga kwa kukimbilia hadi karibu na ringi), jamaa karuka na kiatu mkononi kaupiga mpira kwa soli ukatoka nje. Unaamuaje? Tulikaa dakika arobaini. Arobaini! Mmoja anasema kiatu ni sehemu ya mchezaji, ni kama kidole kirefu tu, mwingine anasema kiatu ni sehemu ya mguu kwahiyo hapo kapiga teke kwa mkono, hapo tulicheka mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kama tuko salama. Mimi msimamo wangu ulikuwa na bado ni huu: kitabu kinasema mpira unachezwa kwa mikono tu, kiatu sio mkono, kwahiyo kosa lipo kwa uchache, na kama nimeona alifanya makusudi kufanya mzaha nampa teknikali, yaani faulo ya utovu wa nidhamu, akakivae vizuri akiwa amekaa. Wenzangu wawili mpaka leo hawakubaliani na mimi.

Kwahiyo marefa wenu walipomuona huyo mfupi anapaa, naamini kabisa lile swali walishawahi kuulizana chumbani, walishalicheka, na kila mmoja alisema "hiyo hatutaiona maishani". Alafu ikatokea mbele ya macho yao sekunde 6 za mwisho. Mi mwenyewe ningeangalia ukuta.

Ila usidhani ule utani ni utani mtupu. Kinachotokea ni kwamba maswali ya kijinga ndo yanakuonesha kama unaijua sheria au umekariri ishara za mikono tu. Faulo ya kawaida kila mtu anaijua, hata shabiki. Lakini ukiulizwa la ajabu inabidi urudi kwenye vitu vya msingi kabisa, mpira uko wapi, uko hai au umekufa, nani ana umiliki, nani kaugusa mwisho. Ukiyajibu hayo, vituko tisa kati ya kumi vinajitatua vyenyewe, wala huhitaji busara ya mfalme.

Mfano refa kugongwa na mpira. Watu wengi wanadhani mpira ukimgonga refa mchezo unasimama, wapi, refa ni sakafu. Ndo hivyo, kisheria sisi ni sakafu yenye filimbi, mpira ukinigusa ni sawa na umegusa sakafu pale nilipo. Nikiwa ndani ya uwanja mchezo unaendelea, nikiwa nimekanyaga mstari wa pembeni mpira umetoka nje hata kama umerudi ndani kwa kasi, na aliyeugusa mwisho kabla yangu ndo kautoa. Hapo rahisi. Sasa ngoja nikupe yangu iliyonikuta, na mpaka leo wenzangu wananitania nayo.

Timu inashambulia, wachezaji wote na mpira wameshavuka mstari wa kati, mi niko nyuma yao kidogo kwenye nafasi yangu, mguu mmoja huku mmoja kule, mstari wa kati unapita katikati ya miguu yangu kama nataka kuruka mtaro. Mchezaji wao mmoja akatoa pasi ndefu kwenda pembeni, mimi sikuwahi kukwepa, ikanigonga pajani paaa ikarudi mbele kwa mchezaji yuleyule wa timu yao. Ukumbi mzima kimya, mi mwenyewe kimya. Maana hesabu yake ni mbaya: nimekanyaga pande zote mbili, kwahiyo mimi nahesabiwa niko nyuma, mpira ulionigusa umegusa nyuma, wa mwisho kuugusa mbele ni wao, wa kwanza kuugusa baada ya hapo ni wao. Hiyo ni kurudisha mpira nusu ya nyuma baada ya kuvuka mstari wa kati, kosa. Kwa maneno mengine mimi ndo nimewasababishia kosa kwa paja langu alafu mimi huyohuyo nawapigia filimbi! Nikapiga. Kocha wao hakupiga kelele, alinyoosha tu mikono miwili akaniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko matusi.

Tuje kujifunga, maana hii nayo chumbani haiishi. Mchezaji akijifunga kwa bahati mbaya kwa sheria za FIBA goli ni halali, pointi 2 wanapewa wapinzani, na sasa sikia utamu wake, zinaandikwa kwa jina la nahodha wao aliyeko uwanjani. Hata kama nahodha alikuwa upande wa pili anafunga kamba za viatu. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wao wanampa mpinzani aliyekuwa karibu zaidi na mfungaji, ambayo angalau ina mantiki kidogo, ila mi napenda ya FIBA kwa sababu kuna manahodha huko duniani wana wastani mzuri wa pointi na hawajui ulitoka wapi. Lakini akijifunga makusudi, kwa mfano timu inataka sare ili waende dakika za nyongeza washinde kwa tofauti kubwa zaidi, na usicheke mashindano ya makundi yana hesabu zake, goli halihesabiki na ni kosa. Hapo swali la utani linalofuata ni "makusudi unaijuaje?" na jibu ni kwamba mtu akipiga leyapu safi kwenye goli lake, mguu wa kulia, wa kushoto, ubao, na hakuna anayemkaba, hiyo sio bahati mbaya bwana.

Na je timu zote mbili zikacheza kuelekea magoli yasiyo yao? Hii ilinichanganya nilipoisoma mara ya kwanza nikadhani ni kosa la uchapaji. Mkigundua mnasimamisha bila kumuumiza yeyote, mnazigeuza timu, na kila kilichotokea kinabaki: pointi zinabaki, muda uliotumika umetumika, faulo ni faulo. Kwahiyo kinadharia mnaweza kufika dakika ya 4 watu wamefungana 8 kwa 6 kwenye magoli yasiyo yao na hakuna kinachofutwa isipokuwa heshima ya marefa wote waliokuwepo.

Mpira kunasa kati ya ringi na ubao ni kituko cha kila wiki, hicho hata sio utani tena, utani uko kwenye namna ya kuutoa. Kuna anayerusha kiatu, kuna anayeleta fagio, nimeshaona mpira wa pili ukirushwa kuutoa wa kwanza ukanasa na wenyewe. Kisheria hapo ni sawa na wachezaji wawili kung'ang'ania mpira, unaangalia mshale wa umiliki pale mezani, ule unaoonesha ni zamu ya timu gani kupewa mpira. Mshale ukiwaelekea waliokuwa wanashambulia wanarusha wao na saa ya shambulizi, ule muda timu inaopewa kurusha mpira kwenye ringi, inawekwa sekunde 14, ukiwaelekea wengine wanapata 24 zao. Ukinasa kwenye mtupo huru wa kwanza kati ya miwili hakuna mshale wala nini, utoeni tu, mpigaji apige wa pili. NBA wao hawana mshale, wanarusha mpira juu watu waruke.

Haya mengine nikupitishe haraka haraka maana najua utaulizwa. Kuupiga mpira kichwa makusudi, kosa, ngumi kosa, teke la makusudi kosa, lakini ukikugonga tu mguuni bila wewe kutaka endelea kucheza na anayepiga kelele "mguu! mguu!" mwache apoze koo. Kuuficha mpira katikati ya mapaja ili kumdanganya mpinzani kwamba umetoa pasi, nalo kosa, limetajwa kabisa. Kuusukuma mpira upite wote kwenye kikapu kutokea chini kwenda juu, kosa, hata ukishuka tena ukaingia vizuri kwa juu kama umetumwa. Umeanguka na mpira ukateleza nao sakafuni mita mbili kama sabuni? Halali. Umeteleza alafu ukabiringika au ukajaribu kusimama nao? Umetembea. Unarusha kutoka nje na mpinzani kakupa mgongo, ukamgonga nao mgongoni taratibu, ukaingia ndani ukauokota na kufunga? Halali kabisa, sheria inataka tu mpira uguswe na mchezaji mwingine kabla yako na haijasema aguse kwa ridhaa. Ila uwe taratibu kweli, ukimtandika nao kwa nguvu tunazungumza lugha nyingine. Na ukirusha mpira ukiwa nyuma ya ubao, ukapita juu ya ubao bila kuugusa ukaingia, FIBA goli, NBA mpira wa nje. Ukigusa ule upande wa nyuma wa ubao ni nje popote pale.

Unaona sasa, mpaka hapo hakuna hata moja refa kalitunga. Kutunga kunakuja mahali kitabu kimenyamaza, na hapo kuna kipengele kimoja kidogo ambacho sisi tunakipenda kupita kiasi, kinasema refa mkuu ana mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo halijatajwa kwenye sheria. Mstari mmoja tu. Chumbani kwetu ukishindwa swali unanyanyua kidole unasema "mamlaka ya refa mkuu!" na unazomewa, maana huo ni uvivu.

Lakini kuna siku unahitajika kweli. Tarehe 31 Oktoba 2009, San Antonio Spurs wanacheza na Sacramento Kings, popo kaingia ukumbini anazunguka juu ya vichwa vya watu, mchezo unasimama, unaanza, unasimama. Manu Ginóbili wa Spurs akamvizia akamchapa kofi moja hewani, popo chini, Ginóbili akamwokota kwa mkono akamtoa. Watu walishangilia kuliko danki. Baadaye ikabidi achomwe sindano za kichaa cha mbwa. Sasa kwenye kitabu tafuta neno popo uone kama utalipata. Marefa chumbani tuliulizana je kama popo angeugonga mpira wakati uko hewani unaenda kwenye ringi? Kwa akili yangu popo sio mchezaji, sio refa, sio kifaa, mimi ningesimamisha, goli likiwa limeingia nahesabu, likiwa halijaingia naangalia nani alikuwa na mpira narudisha kwake. Huo ni uamuzi wangu, refa mwingine anaweza kuamua vingine na wala hajakosea, ilimradi asijifikirie dakika kumi watu wanamwangalia.

Au Darryl Dawkins, mchezaji wa NBA, Novemba 1979 kadanki ubao wa kioo ukapasuka vipandevipande, watu wakakimbia, Desemba mwaka huohuo akapasua mwingine. Mara ya kwanza ni ajali, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja NBA wakaona huyu ana nia. Ukiona leo ringi zinajikunja mchezaji akining'inia alafu zinarudi mahali pake, shukuru watu wa namna hiyo. Na kuning'inia kwenyewe ni teknikali, isipokuwa kama unaogopa kumwangukia mtu.

Kuna vituko vingine havichekeshi wakati vinatokea. Desemba 19, 2007, Atlanta Hawks na Miami Heat wako dakika za nyongeza, zimebaki sekunde 51.9, Shaquille O'Neal (Shaq) wa Heat akatolewa kwamba ana faulo 6. Kumbe ana 5, mezani walihesabu vibaya. Heat wakakata rufaa wakashinda rufaa, na tarehe 8 Machi 2008 timu zikarudi kucheza hizo sekunde 51.9 tu. Na utamu wenyewe, Shaq alikuwa ameshauzwa Phoenix Suns, kwahiyo mtu ambaye mechi ilirudiwa kwa ajili yake hakuwepo. Sekunde zikaisha hakuna aliyefunga, Hawks wakabaki washindi. Ndo maana mi nikifika ukumbini watu wa kwanza kuwasalimia ni wa mezani, hata kabla ya makocha.

Na fainali ya Olimpiki ya Munich 1972 hiyo hatuitaniagi sana. Marekani wanaongoza 50 kwa 49, zimebaki sekunde 3, na zile sekunde 3 zikachezwa mara tatu, mara kelele na fujo za mezani kuhusu taimauti, mara saa haijarekebishwa, mpaka mara ya tatu Ivan Edeshko akatupa pasi ya uwanja mzima, Alexander Belov akafunga, Umoja wa Kisovieti 51, Marekani 50. Wamarekani walikataa medali za fedha na mpaka leo hawajazichukua. Kila refa anayeanza kazi namsimulia hiyo, alafu namwambia aangalie saa kila filimbi inapolia, sio goli, saa.

Kuhusu kuona mmedharauliwa, hapo nakuunga mkono nusu. Uamuzi ulikuwa sahihi, kicheko kilikuja sehemu mbaya. Mimi ningefanya hivi: filimbi, ishara ya goli kufutwa, naenda kwa nahodha wenu namwambia kwa sentensi moja "hairuhusiwi kumwinua mwenzako, mpira ni wao", narudi mahali pangu. Kucheka nacheka chumbani, na hapo nacheka kweli. Nahodha akishaambiwa sababu hasira inashuka nusu, asipoambiwa anajaza mwenyewe, na kitu anachojazia siku zote ni kwamba tumehongwa.

Umeuliza pia pale chini kama timu ikipungukiwa sana inakuwaje, maana nyinyi mnachezaga saba tu. Kuanza lazima muwe watano tayari, mkichelewa dakika 15 baada ya muda uliopangwa mmepoteza 20 kwa 0. Mkishaanza mnaweza kupungua, wanne, watatu, hata wawili, mchezo unaendelea. Mkibaki mmoja ndo basi, mmepoteza. Wapinzani kama walikuwa wanaongoza matokeo yanabaki yalivyo, kama hawakuwa wanaongoza inaandikwa 2 kwa 0 wameshinda wao, hata kama nyinyi mlikuwa mbele kwa pointi 30. Swali la chumbani lilikuwa kwanini wawili na sio mmoja, na jibu alilitoa yule mwenzetu wa vizibo, akabakiza kizibo kimoja juu ya benchi, akakitoa nje ya mstari na soksi yake akasema "haya, mrushie nani?"

Tukatafuta njia. Mmoja akasema amgonge mpinzani mgongoni.